Utepe wa Daraja la Biashara

Kuna nchi moja ambayo jina lake hatutalitaja hapa, na si kwa woga. Jina la zamani lilifutwa kwa sheria, na jina jipya lilichaguliwa, likachorwa kwenye bango kubwa mbele ya Bunge, bango likafunikwa kitambaa, na kitambaa kinamsubiri mgeni rasmi aje kukifunua. Anasubiriwa mwaka wa sita sasa. Kwa muda huu wote wananchi wakiulizwa wanatoka wapi hujibu "huku kwetu," na anayeuliza hujifanya ameelewa.

Katika nchi hiyo kitu hakihesabiki kuwa kipo mpaka kizinduliwe. Daraja la Mto Nyangwe lilimalizika zamani, zege limekauka na taa zinawaka, na watu bado wanavuka maji chini yake, nguo kichwani, wakiliangalia kwa heshima. Zahanati ya Kata ya Saba ina vitanda ishirini ndani ya nailoni. Wagonjwa hulala barazani, na kila asubuhi walio na nafuu hufagia, mgeni rasmi asije akakuta uchafu. Hakuna anayelalamika. Anayelalamika huulizwa kama yeye ndiye mgeni rasmi, na hapo hana budi kukiri kwamba siye.

Sikudhani Mbwera alikuwa mwandishi wa gazeti la serikali na kazi yake ilikuwa kukaa. Safu yake iliitwa "Nimekaa", ikitoka kila Jumamosi, na humo aliwasimulia wasomaji namna alivyokaa kwenye viti vya mabasi mapya, vya benki, vya mikahawa na vya vyumba vya kusubiria. Alikuwa na kipaji. Kiti kilichovunjika mguu alikiita kiti chenye msimamo wake. Godoro lililobonyea aliliita godoro linalokumbuka wageni wake. Kwa miaka kumi na tisa hakukosa la kusifia hata mara moja, na kwa miaka kumi na tisa alirudi nyumbani akijikanda kiuno kwa maji ya moto.

Alikuwa na mtoto mmoja tu, Tunu, aliyekuwa ng'ambo, mwendo wa saa kumi kwa ndege. Tunu alikuwa mjamzito na siku zimefika. Mumewe ni baharia, na meli yake ilikuwa upande mwingine wa dunia. Mtoto alikaa vibaya tumboni, madaktari wakaamua kumtoa kwa upasuaji siku ya Alhamisi, saa nne asubuhi. Tunu ni mwanamke wa miaka thelathini na moja ambaye hakuwahi kuogopa giza, mbwa wala mitihani, lakini kisu alikiogopa.

"Mama," alisema kwenye simu, "mimi sitaki kulazwa usingizi nimezungukwa na watu nisiowajua. Njoo."

"Nitakuja," akasema Sikudhani, bila kujua atakwendaje, maana nauli ya safari ile ilizidi mshahara wake wa mwaka mzima.

Ikatokea bahati, au kilichoonekana kuwa bahati. Shirika la Ndege la Taifa, lenye ndege moja, lilikuwa limeikarabati ndege hiyo na kuitia Daraja la Biashara jipya kabisa, na lilitaka mtu wa kulikalia na kuliandikia tathmini. Sikudhani akaenda mbio ofisini kwa Bwana Yusto Malimbwi, Afisa Itifaki Mkuu wa Shirika, mtu mpole, mwembamba, aliyevaa suti nyeusi hata siku za jua la utosi. Bwana Malimbwi alimpa fomu ya kueleza sababu ya safari, naye akaandika: kumwuguza binti yangu anayejifungua. Kisha akampa karatasi nyeupe isiyo na neno.

"Weka sahihi hapa chini, dada yangu."

"Mbona haijaandikwa kitu?"

"Tathmini itaandikwa juu ya sahihi. Mtu akiandika kwanza halafu ndiyo asaini, anaweza kujikuta ameandika jambo asiloweza kulisaini."

Katika nchi ile hata hukumu za mahakama zilisainiwa hivyo, na vyeti vya ndoa pia. Sikudhani akasaini, akapewa tiketi, akaenda sokoni kununua pilipili manga na hiliki za uji wa mzazi.

Jumatano saa tatu asubuhi abiria kumi na mmoja walipanda ndege, pasi zao zikiwa zimegongwa muhuri wa kutoka nchini. Ndege ilikuwa tupu kuliko walivyotazamia, kwa sababu ukarabati uliliondoa Daraja la Kawaida lote. Uchunguzi ulionyesha kwamba malalamiko yote ya nyuma yalitoka kwa watu wa kawaida.

Na kweli lilikuwa Daraja la Biashara la kupigia mfano. Kila abiria alikuwa na kijumba chake chenye mlango wa kuteleza, na ndani ya kijumba kiti cha ngozi kinachogeuka kitanda, vitufe thelathini na sita, simu ya kupigia kutoka angani, na kioo cha runinga kilichoonyesha filamu moja, ya jinsi kiti hicho kilivyotengenezwa. Viti vyote vilifungwa nailoni, na nailoni haikuruhusiwa kutolewa kabla ya uzinduzi. Viyoyozi navyo vilikuwa bado kuzinduliwa. Ukikaa unatota jasho, ukijiinua nailoni inakusindikiza hatua mbili kabla ya kukuachia. Katikati ya chumba palikuwa na meza kuu iliyotandikwa kitambaa cheupe, maua ya plastiki, chupa za maji zilizopangwa lebo zikitazama mbele, na kiti kikubwa cha mgeni rasmi kilichovishwa kitambaa na kufungwa utepe wa hariri mgongoni kama bibi harusi. Choo kilikuwa na jiwe lake la marumaru ukutani, limefunikwa pazia dogo, na utepe mwekundu mlangoni.

Abiria walipokwisha kukaa, mhudumu wa ndege, binti aitwaye Hidaya, akafunga utepe mwingine, mpana, wa rangi za taifa, kwenye mlango waliouingilia. Akaukaza vizuri. Mlango wa dharura ulikuwa na utepe wake kwa sababu ungezinduliwa awamu ya pili.

"Mmetangulizwa," Bwana Malimbwi akawaeleza, akisimama mbele yao na rediokoli mkononi, "ili mgeni rasmi awakute mmekaa na mna furaha. Mheshimiwa Waziri atakata utepe, atasema machache, atashuka, na sisi tutaruka."

Sikudhani alitoa daftari akaandika: nailoni inamlinda msafiri dhidi ya kiti, na kiti dhidi ya msafiri. Moyo wake ulikuwa mweupe. Aliona kama ameshafika.

Dirishani aliweza kuona kila kitu kwa mpangilio: zulia jekundu, bendi ya tarumbeta, mkasi wa fedha juu ya mto, na mshereheshaji mwenye kipaza sauti aliyewatangazia watu kwamba Waziri ameshaoga. Saa nne akatangaza ameshavaa. Saa tano hakutangaza kitu. Kila baada ya saa moja Bwana Malimbwi aliwasimamisha abiria wafanye mazoezi ya kupiga makofi, na aliwasahihisha waliopiga kwa mikono iliyolegea. Kapteni wa ndege, mwanamke ambaye hakuna aliyemwona sura, alisema kwenye vipaza sauti kwamba anatarajia kupewa taarifa ya lini atatarajia kuondoka.

Katika kijumba cha jirani alikaa Mzee Shomvi, mfanyabiashara wa matairi, mnene na mwenye pumzi fupi. "Mimi nimelipa nauli," alimnong'oneza Sikudhani, na wenzake waliosikia walimtazama kwa huruma, kwa kuwa wengine wote walikuwa ni wa mialiko.

Saa saba rediokoli ilikohoa. Waziri amepata udhuru, atawakilishwa na Naibu Waziri. Bwana Malimbwi akaagiza utepe wa hariri ufunguliwe mgongoni mwa kile kiti, kwa kuwa Naibu hastahili hariri. Saa tisa Naibu naye akapata udhuru, akamtuma Katibu Mkuu, na kitambaa cha kiti kikavuliwa. Katibu Mkuu alipomtuma Kamishna, kiti chenyewe kikaondolewa kikaletwa kisicho na mikono. Hivyo ndivyo kiti kilivyoendelea kushuka cheo mchana kutwa, na kila kiliposhuka barua mpya ya uwakilishi ililazimika kuandikwa, kusainiwa na kusomwa kwa sauti, na abiria kupiga makofi.

Haja ni haja. Choo kilikuwa hakijazinduliwa, na Hidaya, kwa aibu, aliwaletea ndoo ya kudekia nyuma ya pazia. Ndoo haikuwa sehemu ya ukarabati, kwa hiyo haikuhitaji mgeni rasmi. Chakula kilikuwepo, harufu yake iliwafikia, ila hakuna aliyeruhusiwa kula kabla mgeni rasmi hajaonja.

Sikudhani alivumilia hadi saa kumi, akamwendea Bwana Malimbwi.

"Bwana Malimbwi, binti yangu anafanyiwa upasuaji kesho saa nne. Nishushe nitafute njia nyingine. Nitapita chini ya utepe, siugusi."

"Dada yangu, anayepita chini ya utepe ameudharau. Anayepita juu ameuruka. Na anayeukata bila kualikwa, hilo limo kwenye sheria ya usalama." Alisema haya kwa upole kabisa, kama daktari anayemweleza mgonjwa. "Halafu ukishuka utakwenda wapi? Pasi yako imegongwa muhuri wa kutoka. Kisheria wewe hupo nchini. Ukikanyaga pale chini utakuwa umeingia bila viza."

"Kwenye nchi yangu."

"Hasa kwenye nchi yako. Za wenzetu zina huruma kidogo."

Sikudhani akarudi kukaa. Aliogopa sasa. Aliufungua mlango wa kijumba chake na kuufunga, akaufungua na kuufunga, mpaka Mzee Shomvi akamwomba aache. Walilala humo humo, kama walilala. Nailoni ilipiga kelele kila mtu alipogeuka, na watu kumi na mmoja waligeuka sana.

Alhamisi saa moja na nusu asubuhi walipitishiwa magazeti juu ya utepe, kwa kuwa gazeti halina cheo. Ukurasa wa mbele ulikuwa na picha ya ndege ikiwa mawinguni, na chini yake: UZINDUZI WAFANA, NDEGE YAFIKA SALAMA. Ukurasa wa nne ulikuwa na safu ya "Nimekaa", iliyotolewa siku mbili kabla ya Jumamosi yake kwa heshima ya tukio, na mwishoni ilikuwa na sahihi ya Sikudhani.

"Nimekaa angani saa kumi," ilisema, "na sikutamani kusimama. Kiti kilijua mgongo wangu kuliko ninavyoujua mwenyewe. Nilipiga simu kutoka kitini, juu ya mawingu, na sauti ikasikika kama niko jikoni kwangu. Tulitua kwa ulaini hata baadhi ya abiria wakaomba turudie. Kutoka uwanjani nilikwenda moja kwa moja hospitali, nikamkuta binti yangu, nikamshika mkono. Ninapoandika haya amelala, nami nimekaa kando yake."

Alisoma mara mbili. Kilichomchoma zaidi ni kwamba iliandikwa vizuri. Kila neno lilikuwa na harufu yake, na aliyeiandika, yeyote yule, alikuwa amejifunza kwake kwa miaka kumi na tisa. Alitaka kukasirika akashindwa kujua amkasirikie nani, na hasira ile ikamgeukia mwenyewe.

Simu yake ikaita.

"Mama," alisema Tunu, sauti imejaa furaha, "uko upande gani? Nimemtuma nesi akutafute mapokezi, anasema hakuoni."

"Tunu. Mimi sijaondoka."

"Hujaondoka wapi?"

"Huku kwetu. Niko ndani ya ndege, ndege iko chini. Hatujaruka kabisa."

"Lakini umeandika. Nimesoma alfajiri kwenye mtandao. Umeandika umenishika mkono."

"Sikuandika mimi."

"Ni jina lako, mama. Na sahihi yako naijua, ndiyo ilikuwa kwenye ripoti zangu zote za shule."

Sikudhani akaihamishia simu sikio la pili. Akauliza, "Wanakupeleka saa nne?"

"Walitaka. Nimemwonyesha daktari gazeti, nikamwambia mama ameshatua, anatafuta njia ya kuja. Amenisogezea mpaka saa mbili usiku wa leo. Kupita hapo amesema mtoto hatakuwa salama."

"Mwambie aanze sasa hivi. Usinisubiri."

"Nitakusubiri."

"Tunu, usifanye ukaidi."

"Mama, mimi nimewahi kukuomba kitu kikubwa tangu nizaliwe?"

"Hapana."

"Basi hiki ndicho. Njoo." Akakata.

Hesabu ilikuwa rahisi. Saa kumi angani: ndege ikiondoka kabla ya saa nne asubuhi, atafika kwa mbio. Ikichelewa zaidi ya hapo, hatafika. Akamwendea Bwana Malimbwi na gazeti mkononi.

"Mmeandika nimefika."

"Na umefika," akasema Bwana Malimbwi, akalitazama gazeti kwa upendo. "Kiserikali mmefika jana usiku. Kilichobaki ni safari tu."

Kabla hajamjibu, rediokoli ikakohoa. Kamishna alikuwa amemtuma Mkurugenzi, Mkurugenzi akamtuma Meneja, na Meneja sasa alikuwa amepata udhuru naye. Barua ikasomwa. Uzinduzi wa Daraja la Biashara ungefanywa kwa niaba ya wote hao na Afisa Itifaki Mkuu, Bwana Yusto Malimbwi.

Bwana Malimbwi aliishusha rediokoli. Miaka ishirini na saba aliwapangia wengine viti, na leo kiti, ambacho sasa kilikuwa stuli isiyo na mgongo, kilikuwa chake. Machozi yalimlengalenga. Hidaya akamfuta vumbi mabegani, Mzee Shomvi akampa mkono wa pongezi, na Sikudhani, ambaye angeweza kumkumbatia, akasema: "Haya, kaka, kata."

Bwana Malimbwi akapiga hatua tatu kuelekea mlangoni, akasimama. Alikuwa amegundua jambo, na wenzake wakaliona linavyompanda usoni.

"Niko ndani," akasema.

"Ndiyo maana tunasema kata," akasema Mzee Shomvi.

"Mgeni rasmi huja. Mimi nipo. Aliyepo hawezi kuja."

"Toka nje basi, halafu uje."

"Nitatokaje? Mgeni rasmi hawezi kuupita utepe ili akaukate."

"Ukate kutokea humu humu, Bwana Malimbwi. Nani atajua?"

"Utepe hukatwa kutokea nje kuingia ndani. Ukikatwa kutokea ndani," alisema kwa huzuni, "hiyo inaitwa kutoroka."

Akaketi sakafuni na suti yake nyeusi. Alisema jambo hili halina mfano, itabidi liandikiwe Baraza la Itifaki, na Baraza hukutana Jumatatu ya kwanza ya kila mwezi. Jumatatu ya kwanza ilikuwa imepita wiki hii hii. Abiria mmoja akaanza kupiga makofi kwa mazoea, akanyamazishwa.

Saa ya Sikudhani ilionyesha saa tatu na dakika ishirini. Aliinuka. Nailoni ilimsindikiza, akaibandua kwa mkono. Hakuwa na ushujaa wowote, ila alikuwa amechoka kuwa mtu anayekaa. Alikwenda hadi mlangoni akaushika utepe kwa mikono miwili akauvuta. Haukukatika, ulikuwa wa hariri nzuri. Mkasi ulikuwa kule nje, juu ya mto. Basi akauinamia, akauweka kwenye magego, akaung'ata kama fundi cherehani anavyokata uzi, mara moja, mara mbili, mpaka ukaachia.

Ncha mbili zilianguka, moja huku na moja huku.

Bwana Malimbwi akatoa mfukoni Mwongozo wa Itifaki, kitabu cha kurasa mia nne, akaanza kupekua. Sikudhani alisubiri pingu. Kurasa zilipekuliwa. Hatimaye kidole cha Bwana Malimbwi kikasimama, uso wake ukakunjuka, akainuka akajikung'uta.

"Kifungu cha arobaini na moja," alisoma kwa sauti iliyotetemeka. "Aliyekata utepe ndiye mgeni rasmi. Iwapo hakualikwa, mwaliko wake utaandikwa kwa tarehe ya nyuma." Akafunga kitabu na kuinama mbele ya Sikudhani mpaka miwani ikamtoka. "Mheshimiwa, karibu sana. Samahani kwa mapokezi."

Nje, bendi iliyosimama tangu jana ikapuliza tarumbeta. Mshereheshaji akaamka akatangaza kwamba historia imeandikwa. Ndani, Hidaya alirarua nailoni kiti kimoja hadi kingine, viyoyozi vikavuma, watu wakakimbilia choo kwa foleni ya kusukumana, na injini zikaunguruma. Sikudhani akacheka. Alicheka hadi akazishika mbavu, akarudi kijumbani kwake, akakaa kwenye ngozi tupu kwa mara ya kwanza, na ukweli usemwe, kiti kilikuwa kizuri. Akafunga mkanda. Ilikuwa saa tatu na nusu na dakika tano.

"Mheshimiwa," akasema Bwana Malimbwi mlangoni pa kijumba, "gari liko tayari."

"Gari la nini?"

"La kukuondoa."

"Siondoki. Nasafiri."

Bwana Malimbwi akatabasamu jinsi mtu anavyomtabasamia mgeni mnyenyekevu kupita kiasi. "Mgeni rasmi akishazindua huondoka, Mheshimiwa. Katika miaka ishirini na saba sijaona mgeni rasmi aliyebaki kutumia alichokizindua. Wananchi watatuelewaje?"

"Mimi ni abiria. Tiketi yangu hii hapa."

"Ulikuwa abiria."

"Mwacheni mama wa watu akamwone mwanawe," akasema Mzee Shomvi, akijaribu kuinuka, lakini mkanda wake mpya ulikuwa na kufuli ambalo hakuna abiria aliyefundishwa kulifungua. Wengine walikuwa wanapiga makofi. Walikuwa wamefanya mazoezi siku nzima, na walipiga vizuri.

Maafisa wawili wa itifaki walipanda, wakamfungua mkanda kwa adabu, wakamwinua kwa adabu. Alishika mlango wa kijumba, nao wakamtoa kidole kimoja kimoja, wakimwomba radhi kwa kila kidole. "Naomba," alisema. "Nawaombeni jamani. Mwanangu ananisubiri." Mshereheshaji alimwona akivutana nao kwenye ngazi akawaeleza wananchi kwamba mgeni rasmi amependezwa mno na alichokizindua, hataki kukiacha. Vigelegele vikapigwa. Aliuliza kuhusu pasi yake, kwamba ameingia bila viza. Wakamjibu mgeni rasmi hagongewi muhuri.

Saa nne kasoro dakika tano ndege ilipita juu ya msafara wa magari saba, ikiwa na mfuko wa Sikudhani wa pilipili manga na hiliki juu ya kiti kitupu. Sikudhani alikuwa kwenye gari la tatu, kati ya maafisa wale wawili. Aliitazama kwa kioo cha nyuma mpaka ikawa nukta, na hata nukta ilipokwisha aliendelea kutazama mahali ilipokuwa.

Aliwaomba wasimamishe gari, dakika moja tu. Dereva akasema msafara hausimami. Aliuliza wanakwenda wapi, wakamwambia ukumbini, kwenye chakula cha mchana kwa heshima yake. Aliuliza ataachiwa saa ngapi. Mgeni rasmi, wakamwambia, hawezi kuinuka mezani kabla mwenyeji hajafunga shughuli. Mwenyeji alikuwa Waziri, na Waziri alikuwa bado anavaa.

Ukumbini kulikuwa na watu mia tatu, wamesimama. Akakalishwa meza kuu, kwenye kiti chenye utepe wa hariri mgongoni. Vyakula vilifunikwa mbele yake. Hapo ndipo simu ilipoita tena, akaipokea kabla yeyote hajamkataza.

"Mama." Sauti ya Tunu ilikuwa ya haraka, na nyuma yake palikuwa na magurudumu ya kitanda na watu wanaosemeshana. "Hawawezi kusubiri tena. Mapigo ya mtoto yamebadilika. Wananipeleka sasa hivi. Niambie tu, ndege imeondoka?"

Sikudhani aliangalia watu mia tatu waliokuwa wakimwangalia.

"Imeondoka," akasema.

"Kweli?"

"Saa nne kasoro. Iko angani, mwanangu."

"Na mbona unapatikana?" Kisha Tunu akacheka, kicheko kidogo cha mtu anayetafuta pa kushika. "Ah. Viti vina simu. Hilo angalau lilikuwa kweli."

"Hilo ni kweli," akasema Sikudhani.

"Nakusikia kama uko jikoni. Basi siogopi. Nikizinduka utakuwa umekaribia kufika. Wanasema nikate simu, mama."

"Kata, mwanangu. Kata, ulale."

Simu ikakatika. Sikudhani akaiweka mezani, kando ya chupa za maji zilizopangwa lebo mbele, akajifunika uso kwa viganja, akalia kwa sauti, mabega yakimtikisika, bila kujali nani anamwona. Mshereheshaji akasogea haraka na kipaza sauti. Akawataarifu waalikwa kwamba mgeni rasmi amezidiwa na furaha, akawaomba wampe makofi ya heshima. Wakampa, kwa muda mrefu, na mpiga picha wa gazeti akamgusa begani akamwomba ainue uso kidogo.